Hatua Hamsini na Mke Mwenzangu

Katika mchezo wa kuvuta kamba, anayeshinda ni yule anayerudi nyuma. Nimeucheza mchezo huo tangu nilipoajiriwa udobi katika hoteli moja ya Diani, nikiwa msichana mwenye mikono ya kukamua mashuka mabichi, na mpaka leo, nikiwa na miaka sitini na mmoja, bado navuta na kikundi cha akina mama wa hapa Msambweni. Mimi ndiye wa mwisho kwenye kamba, yule anayejizungushia kamba kiunoni na kukita visigino ardhini. Wenzangu huniita nanga. Bega langu la kushoto haliinuki vizuri kwa sababu ya kamba, goti la kulia limelika kwa sababu ya kamba, na sijuti. Nimeburutwa, nimechunika, nimekula mchanga, lakini kuiachia kamba, hapana, sijawahi.

Naeleza haya mapema ili msomaji asinicheke kupita kiasi atakaposikia nilivyojaribu kukimbia.

Mbio zenyewe nilijitafutia kwa mdomo wangu. Kwetu, bibi na mjukuu wake wa kiume ni mke na mume. Ni utani, na ni utani wenye heshima zake. Huyu wangu nilimlea tangu ana miaka mitatu, mama yake alipokwenda Uarabuni kutafuta riziki, na tangu siku hizo yeye ni mume wangu. Akikataa uji, nilimtishia kwamba nitafunga virago nirudi kwa wazazi wangu. Akitoka chuo cha Kurani na njaa, aliuliza kwa sauti nzito ya kujitia, mke wake amepika nini leo. Sasa, bibi mwenye mume wa namna hii ana haki yake siku ya harusi. Bi harusi akiletwa nyumbani, bibi husimama mlangoni na kumzuia. "Huingii. Huyu ni mume wangu." Hasogei mpaka apewe leso, doti nzima, vipande vyote viwili. Bibi yangu alimfanyia hivyo mke wa kaka yangu, na watu walicheka mpaka chakula kikapoa.

Lakini mimi nina tabia ya kuongeza chumvi. Kijana akiwa darasa la pili nilimwambia kwamba mwanamke atakayemtaka, kwanza atimue mbio na mimi kutoka langoni mpaka mlangoni. Akinishinda, amchukue. Nikimshinda, arudi kwao akatafute leso nzuri zaidi. Ni hatua hamsini, nilizipima mwenyewe siku hiyo hiyo huku yeye akihesabu. Nikayarudia maneno hayo kila sikukuu, mbele ya majirani, mbele ya ndugu, mpaka yakawa ahadi. Sikujua kwamba atakayekuja kumtaka ni mwalimu wa michezo.

Mume wangu ni fundi wa AC katika mahoteli. Siku moja aliitwa kutengeneza feni za shule ya msingi hapa Msambweni, akarudi na habari za mwalimu mmoja kutoka Kinango. Feni zile zilianza kuharibika kila juma. Baada ya miezi kadhaa tukapeleka posa, na katikati ya mazungumzo shangazi wa binti akasema, huku ameficha kicheko ndani ya mtandio, "Tumesikia huko kwenu kuna mbio. Basi mjue kwamba mtoto wetu amekulia Kinango, maji ameyafuata mbali tangu utotoni, na chuoni alikuwa akikimbia mita mia. Miguu anayo."

"Hata mimi ninayo," nikasema.

Watu wote wakaitazama miguu yangu. Ni minene, sikatai.

Aliyelichukua jambo hili kwa uzito ni binti yangu, mama yake kijana, ambaye alikuwa amerudi kuja kusimamia harusi. "Mama, utani ni utani," aliniambia. "Siku hiyo utakaa, bi harusi atakuja mbele yako, atakupa leso yako, basi. Watu wa umri wako hawakimbii." Kesho yake akaleta kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki cheupe chenye mikono, na alikishonea mto wa mahameli. Akakiweka barazani, kando ya mlango, mahali pale pale nilipotarajia kushindia mbio zangu.

Nilikichukia kiti kile. Alikileta kwa mapenzi, najua, lakini nimewaona wenzangu waliokalishwa. Siku ya kwanza unakalishwa kwa heshima. Ya pili unaletewa chai hapo hapo. Ya tatu watu wanazungumza juu ya kichwa chako, wanaulizana kama umekula. Nikaapa kwamba siku ya harusi ya mume wangu nitazikimbia hatua zangu hamsini na nitafika mlangoni kwa miguu yangu mizima, na kwamba nikikaa kwenye kiti kile itakuwa kwa kupenda kwangu. Ilikuwa imebaki miezi minne.

Nilianza kwa ujinga. Nilidhani kasi ni nguvu tu, na nguvu ninazo. Uani kwangu nina bomba la chuma lenye ndoo mbili za saruji iliyogandishwa, nalinyanyua kila asubuhi kabla ya chai. Kwa hiyo siku moja maji yalipokupwa nilishuka pwani, nikatafuta mchanga mgumu, nikapandisha dera, nikafunga leso kiunoni kwa fundo la kamba, nikasema bismillahi na kutimka kwa nguvu zangu zote. Sikupasha mwili moto. Nilijiegemeza nyuma, visigino mbele, kama vile kuna timu nzima inanivuta kutoka upande wa Tanzania. Hatua ya kumi na mbili nikasikia nyuma ya paja la kushoto sauti ya leso inayochanwa.

Nilikaa kwenye mchanga. Akina mama waliokuwa wakirudi kuchokoa pweza walinikuta pale na wakanishika mikono kunirudisha nyumbani, pweza begani, wakiniuliza kwa huruma nilikuwa namkimbia nani. Binti yangu alipotuona tunaingia langoni alikivuta tu kile kiti, akakipangusa vumbi.

Hospitalini alinipokea mtaalamu wa viungo, kijana wa bara, ambaye Kiswahili chake hutembea bila viatu na kila bibi kwake ni shosho. Aliubonyeza msuli, akanilaza kifudifudi, akanikunja mguu huku na huku.

"Shosho, hii msuli haijakatika," alisema. "Imechanika tu kidogo. Lakini wewe uko na nguvu ya trekta na breki ya baiskeli. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Kisha, na ndiyo maana mpaka leo namwombea dua, hakuniambia niache. Alinifundisha kulala chali na kunyanyua nyonga huku visigino vimekita kitandani, na kuzishusha polepole, polepole zaidi ya nilivyotaka. Baadaye mguu mmoja mmoja. Alinikataza kukimbia kwa majuma matano. Nikiona msuli unakaza, niache hapo hapo, siku hiyo imekwisha. "Hiyo ya kuacha ndio dawa," alisema. Nilimwitikia kwa kichwa tu. Neno hilo kwangu lilikuwa geni.

Siku chache baadaye nilikuwa natembea kando ya uwanja wa shule, mazoezi ya kutembea niliyoruhusiwa, nikasikia salamu nyuma yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Alikuwa mchumba wa mume wangu, na filimbi yake shingoni. Sasa hili si jambo dogo. Binti aliyeposwa huwaonea haya watu wa kwa mumewe. Hatakiwi kuonekana akizunguka na bibi wa mchumba wake uwanjani kama marafiki wa shule. Alitazama kulia na kushoto.

"Nimesikia kuhusu paja lako," akasema. "Bibi, ukikimbia peke yako utaumia tena. Na ukiumia, binti yako atasema ni kwa sababu yangu, na harusi yangu tutaifanyia wodini. Niruhusu nikufundishe."

"Unifundishe kukushinda?"

"Nikufundishe kufika."

Nilitaka kukasirika, maana hasira ninazo karibu. Lakini nilimtazama yule msichana mwembamba, jua la saa kumi usoni, filimbi shingoni, anahofia mama mkwe na mashangazi na bado amesimama pale, nikampenda. Nasema ukweli wangu. Nilimpenda siku ile kabla mume wangu hajamwoa.

Tukawa tunakutana kwa siri, Jumatatu na Alhamisi baada ya watoto kutawanyika. Nyumbani nilisema nakwenda kikundini. Siku niliporuhusiwa kukimbia alinipeleka kwenye kijilima cha udongo mwekundu nyuma ya shule, si uwanjani. Alisema mlima humzuia mtu asinyooshe mguu kupita kiasi, kwa hiyo paja halivutwi sana, na goti halipigwi sana kwenye kupanda. Tunakimbia hatua kumi na tano tu kwenda juu, tunashuka kwa kutembea, tunapumzika mpaka nipate pumzi ya kumsema mtu. Mara sita, basi. Kabla ya hizo sita kulikuwa na kupasha mwili moto kusikokwisha: kuzungusha nyonga, kurusha miguu, mchakamchaka mwepesi. Nilimwambia kwamba enzi zangu tulipasha moto kwa kutukanana na timu ya pili.

Tatizo lilikuwa mgongo wangu. Kila niliposikia "haya!" mwili wangu ulijiegemeza nyuma wenyewe. Miaka yote ile ya kamba ilikuwa imenijengea mwili unaojua njia moja tu ya kushinda. Yeye alikuwa akikimbia kando yangu, ananisikiliza miguu, maana alisema mguu unaoanza kuchoka hubadilisha mlio.

"Bibi, unaegemea nini?"

"Sijui."

"Hakuna kamba hapa, bibi. Anguka mbele. Miguu itakudaka."

Nilichukua majuma mawili kuamini kwamba miguu itanidaka. Jioni nilipoweza nilijisikia nimetupwa, kifua mbele, vidole vinachimba udongo, upepo masikioni, na nikafika juu huku nacheka kwa sauti kama mtu aliyepagawa. Mbuzi wa watu walikimbia. Mke mwenzangu alipuliza filimbi mpaka mlinzi wa shule akatoka. Miaka sitini na mmoja, na sikuwa nimewahi kujua kwamba mwili huu mzito unaweza kuruka.

Kisha, harusi ilipokaribia, wakamchukua. Walimwita kwao Kinango, wakamweka ndani, asingwe liwa na apakwe hina kama desturi inavyotaka. Juma la mwisho nilipanda kilima peke yangu. Alinitumia sauti kwenye simu, za kunong'ona, asisikiwe na kungwi wake: "Bibi, sita tu, usifanye saba. Nakujua." Siku moja nilifanya sita na nusu. Niliposikia paja linakaza kidogo kwenye ile nusu niliogopa, nikateremka, nikamwomba Mungu msamaha na msuli pia.

Siku ya harusi, wakati pilau inapikwa, niliingia nyuma ya masufuria nikaanza kupasha mwili moto. Nikazungusha nyonga, nikarusha mguu huu na huu. Wapishi walidhani nimepandwa na furaha, wakaacha miiko wakaja kucheza na mimi, na jirani mmoja akapiga ndoo. Kwa hiyo tulipasha moto sote. Binti yangu alinitazama kupitia dirishani kwa wasiwasi mtupu.

Walipomleta bi harusi, akina mama walikuwa wamejaa njia nzima wakiimba. Mashangazi walimshika mikono kila upande, uso umefunikwa, anatembea kwa hatua za haya. Mimi nilikuwa nimesimama langoni. Nyimbo zikapungua.

"Shikamoo, bibi," ikatoka sauti chini ya shela.

"Marahaba. Mbio unazikumbuka?"

Aliinua gauni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Chini ya lasi na shanga zote zile alikuwa amevaa raba zake za uwanjani, na hina inachungulia juu ya soksi. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika Kikoneni.

Binti yangu alikuja mbio na kile kiti mkononi. "Mama, nakuomba."

"Kirudishe mlangoni," nikamwambia. "Atakayechoka ndiye atakayekikalia."

Shangazi wa Kinango akapiga makofi mara tatu, na tukatoka.

Nilianguka mbele kama nilivyofundishwa. Wallahi nilikuwa mbele yake! Hatua kumi na tano za kwanza ni za wenye nguvu, yeye mwenyewe aliniambia hivyo kilimani, na nilizila zote. Niliona nyuso zimefungua midomo pande mbili. Niliona mume wangu amening'inia dirishani na kanzu yake mpya, anapiga kelele, sijui akimshangilia mke gani. Kwenye kamba ya kuanikia nguo, nusu ya njia, nikasikia gauni linakuja. Akanifikia, gauni amelikusanya ngumi mbili, shela imeshaanguka. Tukawa sawa.

Hapo ndipo nyuma ya paja pakakaza. Hayakuwa maumivu. Ilikuwa habari ya maumivu yanayokuja. Mlango nauona, hatua hazizidi ishirini, kiti cheupe kinaningoja pembeni, na kila kitu ndani yangu, bega, goti, visigino, kikasema neno moja tu ninalolijua: kaza.

Na yeye, bila kugeuza kichwa, akasikia mguu wangu umebadilisha mlio.

"Acha, bibi," akasema. "Hakuna kamba."

Nikaacha.

Sijui niliwezaje. Nilifupisha hatua kama alivyonionyesha, mbio zikawa mchakamchaka, mchakamchaka ukawa mwendo, na yeye akapita akaenda, gauni jeupe linaruka juu ya raba. Nilitegemea aibu. Nilitegemea kusikia uchungu wa mtu aliyewaangusha wenzake. Badala yake nilijikuta natembea katikati ya vigelegele, miguu yote miwili mizima, mikono mitupu, na furaha imenijaa mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nimemshika mvulana yule miaka ishirini na mbili. Msichana anayejua mlio wa mguu wangu atamjua na yeye.

Nilipopanda barazani nilikuta njia imefungwa. Bi harusi alikuwa amekivuta kile kiti, amekitia katikati ya mlango, amekikalia, anahema, hina na jasho na shanga. Aliinua mkono kunizuia.

"Huingii," akasema. "Huyu ni mume wangu."

Watu walinitazama, wakipima kama nitakasirika. Kisha binti yangu, yule yule mwenye wasiwasi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, na uwanja mzima ukamfuata. Nilizuiwa kwenye nyumba yangu, iliyojengwa kwa mashuka niliyofua mimi! Nikafungua leso kiunoni, pale pale kamba inapokaa, nikampa.

"Hiki ni kipande kimoja, bibi," akasema. "Nataka doti nzima."

Binti yangu akafungua yake iliyofanana na yangu, tulinunua pamoja, akairusha. Mke mwenzangu alizikunja zote mbili taratibu, akazipakata, akasimama na kusogeza kiti. Nikaingia ndani kama mgeni rasmi. Mume wangu alitaka kuniuliza nimeshindwaje, nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wake.

Baada ya siku saba za fungate, Jumatatu saa kumi jioni, nikasikia hodi.

"Shikamoo, bibi. Kilima."

Tunakwenda mpaka sasa, na hatujifichi tena. Paja ni zima, goti linalalamika siku za mvua, bega nimelizoea. Kile kiti tulikibeba, tukakiweka juu kabisa ya kilima, bila mto, kiwe alama ya kumalizia. Sheria ni kwamba anayetangulia kufika ndiye anayekikalia, na mwingine anasimama. Ni hatua kumi na tano tu, za wenye nguvu. Alhamisi iliyopita nilikikalia mara nne kati ya sita.